MJI USIO NA JAA LAKE HUPANGIWA BEI

Katika mkutano wa tawi letu moja, mama mmoja muuza mbogamboga alisimama akauliza swali ambalo sisi waandaaji hatukuwa na jibu lake. Alisema: "Ninyi wanangu mliosoma, nielezeni. Ada ya taka imeongezwa. Nimelipa. Na lundo lililo nyuma ya kibanda changu liko vile vile. Sasa hiyo nyongeza nimelipia nini?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alijiona ndani ya swali lile.

Tulimjibu kwa maneno makubwa. Tulitaja gharama za uendeshaji, tukataja mkataba mpya, tukataja bei ya mafuta. Yule mama akaketi, akajifunga kanga yake, akasema, "Haya." Kila mtu ajuaye Kiswahili anaijua "haya" ya namna ile. Twakiri basi mbele ya wasomaji kwamba hatukumjibu, na haya tuyaandikayo leo ndiyo majibu ambayo ingetupasa kumpa siku ile.

Taka ya mji husafiri safari mbili. Safari ya kwanza hutoka mlangoni hadi kizimbani, kwa mkokoteni, kwa guta, au kwa gari la kampuni iliyopewa mtaa. Hii kila mtu huiona, na ndiyo tunayoigombania kila siku: gari halikuja Jumatatu, vijana wamemwaga mtaroni, risiti haikutolewa. Safari ya pili hutoka kizimbani hadi jaani, au dampo kama tulivyozoea kuita, na huko ndiko ziendako fedha nyingi. Kuna mafuta ya lori, matairi, mshahara wa dereva, malipo ya langoni, tingatinga la kusukuma na kushindilia, na udongo wa kufunikia. Mapatano ya safari hii ya pili hufanywa mbali na macho ya mama yule. Muda wake ukiisha, mapatano huhuishwa, na ni nadra sana kusikia kwamba bei mpya ilikuwa chini ya ile ya jana.

Kwa nini iwe hivyo? Wengine husema ni wizi tu. Pengine mahali pengine ni wizi, lakini mtu akisema wizi kabla ya kupiga hesabu anamsaidia mwizi, maana mwizi atakuja na hesabu zake na sisi tutakuwa na makelele tu. Iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mji unaokwenda kupatana bei ya kutupa taka huku hauna mahali pengine pa kuzitupa kesho asubuhi, mji huo haupatani. Unaambiwa bei, nao unatia saini.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mkoloni aliugawa mji huu katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na gari la taka lilijua vizuri njia ya Uzunguni. Tukaurithi mji ukiwa hivyo, nao ukakua. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuta watu kama 272,000. Hesabu ya 2012 ilikuta 4,364,541, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Kila mmoja wao hula, humenya, hufunua, hutupa. Shimo la kutupia halikukua pamoja nao.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya jaa lililokuwa likiwaka na kuwaletea moshi, nzi na uvundo. Wakashinda, na Jiji likaamriwa liache. Jiji likarudi mahakamani kuomba muda, likapewa. Likarudi tena. Mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akaikumbusha mamlaka ile kifungu cha 14 cha Katiba, kile kitajacho haki ya kuishi. Jiji likageukia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Ndipo taka zikapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, na tangu miaka ya mwisho ya kumi ile ya 2000 zinakwenda Pugu Kinyamwezi.

Sisi twawaheshimu sana wale wa Tabata na Kunduchi. Walithubutu wakati ambapo kuishtaki mamlaka hakukuwa jambo la kawaida, na walichokipata mahakamani kimewasaidia wengi waliokuja baada yao. Lakini chukua ramani ya mji, fuata majina hayo kwa kidole. Tabata, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Jaa limefukuzwa mara nyingi, na sasa liko mbali na katikati ya mji kwa mwendo wa karibu kilomita 30. Lori litokalo Mbezi ya baharini au Kigamboni linavuka mji mzima, linasimama katika foleni zile zile tunazosimama sisi kwenye daladala, linamwaga, na kurudi tupu. Mwenye lori hawezi kwenda safari nne kwa siku tena, atakwenda mbili akibahatika. Hapo bei itapanda hata kama watu wote wanaohusika ni malaika. Jiji lilikuwa likitafuta shimo jipya baada ya kufukuzwa katika la zamani, badala ya kulitafuta miaka kumi kabla. Mtu atafutaye nyumba huku vyombo vyake viko barabarani na mvua inanyesha hupangishwa kwa bei gani? Jibu kila mpangaji wa Buguruni au Manzese analijua.

Tuje kwenye hesabu, maana sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulipigwa sana kalamu nyekundu kwa kosa moja: kuandika jibu bila kizio. Kumi ni kumi nini? Machungwa, maili, au wiki? Basi ukisikia mkataba wa taka umepanda kwa asilimia fulani, uliza kwanza kizio. Ni shilingi kwa safari ya lori, au shilingi kwa tani?

Kama malipo ni kwa safari, mwenye lori anapata kile kile akijaza na asipojaza. Hata akiwa mtu mwema, atavutwa na faida aondoke kizimbani na nusu ya mzigo. Kama malipo ni kwa tani, lazima pawe na mizani langoni, na mizani iwe inafanya kazi, na pawe na mtu wa upande wa wananchi anayesoma namba zake. Mizani ikiharibika kwa miezi miwili na lori likaandikiwa uzito wa kukadiria, hapo umerudi kwenye kubahatisha, ila sasa kubahatisha kwenyewe kuna muhuri.

Tena liko jambo la maji. Sehemu kubwa ya taka za mji wetu ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, vifuu, mabaki ya Kariakoo na Mabibo. Vitu hivi vina maji mengi. Mvua za masika zikinyesha juu ya kizimba kisicho na paa, uzito huongezeka bila taka kuongezeka. Tani tunayolipia kuipeleka Pugu ina ndani yake maji ambayo tungeweza kuyaacha yakauke bure. Paa la mabati juu ya kizimba ni jambo dogo, lakini hatujaliona likitajwa na mtu katika mikutano tuliyohudhuria. Sisi wenyewe hatukuwahi kulitaja mpaka tulipokaa tukapiga hesabu hizi.

Haya, tuseme kila mtu wa Dar es Salaam anatupa nusu kilo kwa siku. Hii ni hesabu ya ubaoni, wala si takwimu ya ofisi yoyote. Kwa watu 5,383,728 tunapata karibu tani 2,690 kwa siku. Tuseme nusu yake tu ndiyo inafika jaani. Sasa mkataba ukipanda kwa shilingi 1,000 kwa tani, ambayo kwa macho si kitu, ni bei ya kikombe cha chai na andazi, mji utalipa zaidi kwa shilingi milioni 490 kwa mwaka. Madarasa mangapi hayo? Ndiyo maana twasema diwani anayeinua mkono kupitisha nyongeza ya "shilingi elfu tu" hana budi kwanza azidishe.

Lakini bei ya tani si kitu kibaya kuliko vyote katika mikataba hii. Kibaya zaidi ni kile kifungu kinachowekwa kurasa za nyuma, ambacho miji mingi duniani imekikubali bila kukitafakari: mji unaahidi kuleta tani kadha wa kadha kila mwaka, na usipozileta utalipa kama vile umezileta. Mwenye jaa hukitaka kifungu hiki kwa sababu amekopa fedha za mitambo na lazima awe na uhakika wa mapato. Kwa upande wake ni haki. Kwa upande wetu ni kitanzi. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina mtambo wa kutengeneza mboji kutokana na taka za masoko, uliojengwa kwa msaada wa Ujerumani katika udugu wa Dar es Salaam na Hamburg, nao ulikusudiwa kupokea tani 50 kwa siku. Sasa fikiri mji wenye mtambo kama huo umetia saini kifungu cha ahadi ya tani. Kila tani inayogeuzwa mboji italipiwa mara mbili: mara moja Mabwepande, mara ya pili jaani ambako haikufika. Baada ya mwaka mmoja atatokea mhasibu mwenye busara aseme mtambo wa mboji unatia hasara, ufungwe. Na kwa vitabu vyake atakuwa amesema kweli!

Ndivyo ilivyo pia kwa vijana na akina mama wanaochakura chupa, vyuma na plastiki. Kila kilo wanayoiokota ni kilo ambayo mji haulipii usafiri wala lango. Wanaupunguzia mji gharama kila siku, kwa mikono mitupu, na hakuna mkataba hata mmoja tunaoujua unaowataja ila kuwazuia wasiingie.

Wapo wenzetu wanaofikiri mambo haya ni ya nchi maskini. La hasha. Mji wa Toronto, huko Kanada, ulikuwa na jaa lake kubwa la Keele Valley, likajaa, likafungwa mwisho wa mwaka 2002. Wakuu wa mji walijua miaka mingi kabla kwamba litajaa. Mpango wa kupeleka taka kwa treni hadi kwenye mgodi wa chuma uliokwisha, huko kaskazini, ulipitishwa mwaka 2000 ukavunjika mwaka ule ule kwa ubishi wa masharti ya mkataba. Basi taka za Toronto zikapakiwa kwenye malori, zaidi ya mia kila siku, zikavuka mpaka wa nchi kwenda kufukiwa katika jimbo la Michigan, Marekani, mwendo wa kama kilomita 400. Watu wa Michigan wakachukia, na nani atawalaumu? Maseneta wao wakaanza kutafuta namna ya kuufunga mpaka kwa taka. Toronto ikajikuta ni mpangaji ambaye mwenye nyumba amekwisha muonyesha mlango.

Walifanya nini? Kwanza walianza, kuanzia mwaka 2002, kukusanya mabaki ya chakula peke yake, mtaa kwa mtaa, ili malori yapungue. Pili, mwaka 2006 waliamua kununua jaa lao wenyewe, liitwalo Green Lane, karibu na mji wa London wa huko Kanada, na mwaka 2007 wakalichukua kwa dola za Kanada kama milioni 220. Mwisho wa 2010 malori ya manispaa yakaacha kwenda Michigan. Ni fedha nyingi mno, na kwa mji wa Afrika hazitajiki. Lakini tangu siku ile bei ya kutupa taka za Toronto inapangwa katika baraza la Toronto, na mwananchi wa huko akiona imepanda anajua mlango wa kugonga.

Hatutaki kuwapamba kupita kiasi. Jaa lile walilolinunua liko jirani na makazi ya Waoneida, wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini, ambao hawakualikwa kwenye karamu ya ununuzi lakini ndio wanaovuta harufu. Mji tajiri ulijinunulia uhuru wake mlangoni pa watu wengine. Sisi tulio na kumbukumbu ya Uzunguni na Uswahilini tunaitambua habari hii mara moja, na tungekuwa wanafiki tusipoangalia pia nani anaishi jirani na lango la Pugu Kinyamwezi, na maji ya visima vyake yana ladha gani.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya ndugu zetu chamani, na tumegombana nao, kwa upendo, mpaka usiku wa manane. Wao wanasema msimamo uwe mmoja: bei isipande, basi. Sisi twasema hapana. Jaa la bei rahisi ni rahisi kwa sababu yuko mtu mwingine anayelipia tofauti kwa mapafu yake. Jaa lililotengenezwa kwa akili hutandikwa chini kwa udongo mfinyanzi au turubali zito ili maji meusi yasizame ardhini. Taka hushindiliwa kwa tabaka na kufunikwa udongo kila siku. Gesi yake hutolewa kwa mabomba isije ikaripuka au kuwaka chini kwa chini. Na likifungwa huangaliwa kwa miaka mingi. Haya yote yana bei, na bei hiyo si ndogo. Asiyetaka kuilipa kwa shilingi atailipa kwa njia nyingine.

Wengine wamekwisha ilipa. Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka ukaua watu zaidi ya 110. Tarehe 19 Februari 2018, usiku wa mvua, ule wa Hulene, Maputo, uliangukia nyumba na kuua watu wasiopungua 16. Tarehe 10 Agosti 2024 ukaporomoka ule wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, ukaua zaidi ya 30, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 likiwa jaa la kisasa. Miaka ikapita, taka zikazidi, likageuka kilima. Hakuna hata mmoja wa marehemu wale aliyekufa kwa sababu bei ya tani ilikuwa juu mno.

Kwa hiyo sisi hatupingi kulipa zaidi. Tunapinga kulipa zaidi kwa shimo lile lile, tingatinga lile lile bovu, moshi ule ule. Nyongeza ikija na udongo wa kufunikia, mizani nzima, na mfuko wa fedha uliotengwa kwa siku ya kulifunga jaa, tutakwenda wenyewe kwa yule mama tumweleze shilingi yake imekwenda wapi, na twaamini atatuelewa kuliko wengi waliovaa tai. Nyongeza ikija mikono mitupu, tutakaa upande wake.

Na muda wa mkataba uwe mfupi, au la, uwe na mlango wa kutokea. Tumeona mwaka 1994 namna Jiji lilivyoikabidhi kampuni moja kata kumi za katikati ya mji, kampuni ijikusanyie ada yenyewe kwa wakazi, kisha ililipe Jiji kwa magari iliyoyakodi na kwa kutumia jaa. Wakazi wengi hawakulipa, kampuni ikashindwa kutimiza ahadi zake, na kabla ya miaka kumi ile kwisha kazi ikabidi igawanywe kwa makampuni na vikundi vingi. Watu huikumbuka habari hii kwa kusema wakazi walikuwa wakorofi. Sisi twaikumbuka hivi: mkataba uliandikwa na pande mbili, na upande wa tatu, ambao ndio ulitazamiwa kutoa fedha, haukuulizwa.

Tumekwisha wagawia makatibu wa matawi karatasi yenye maswali matano ya kumpelekea diwani kabla mkataba wowote wa taka haujahuishwa katika mji wao. Kizio cha malipo ni nini? Mizani iko wapi na nani anaisoma? Kuna ahadi ya tani? Nani atalipia kulifunga jaa? Shimo linalofuata liko wapi? Diwani akijibu "suala hilo ni la wataalamu", katibu aandike jibu hilo kama lilivyo, na tarehe yake, na jina la kata.

Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kwa wananchi, ingawa viti vya wasikilizaji huwa vitupu kama darasa siku ya Jumapili. Mkutano ujao sisi tutakuwapo, saa mbili na nusu asubuhi, na yule mama amesema atafunga kibanda aje. Anauliza tu kama wataruhusu kuingia na kapu.